Vitabu wanavyovipenda wenzangu vinanishinda. Je, sijui kusoma?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, naishi Tanga, nina miaka 38. Tuko wanawake saba tulioanzisha kikundi cha kusoma riwaya za Kiswahili. Kila mwezi kitabu kimoja, tunakutana Jumapili ya mwisho nyumbani kwa mmoja wetu. Vitatu vya karibuni vilikuwa Kusadikika, Nagona na Peponi. Wenzangu wamevisifu mpaka basi. Mimi cha kwanza nilikimaliza kwa kujilazimisha, cha pili nilikiacha ukurasa wa 15, cha tatu niko katikati toka mwezi uliopita. Ninachopenda ni upelelezi na mapenzi, nasoma zamu ya usiku wodi ikitulia. Tena nina kasoro nyingine: naanza na ukurasa wa mwisho. Shoga yangu mmoja kaniambia mbele ya wenzetu, "Wewe husomi, unapitisha muda." Nimeumia. Je, ladha yangu ni ya chini? Na ladha inafundishika, au nijitoe tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usijitoe, na hicho Peponi kiweke pembeni kwanza bila kuona haya, nitakirudia. Kabla ya yote nikuombe radhi kwa niaba ya walimu wa fasihi, maana sehemu ya maumivu yako tumeyapika sisi.

Nimefundisha fasihi sekondari miaka 29. Kwa mingi kati ya hiyo, riwaya ikiingia darasani kwangu niliichinja kama kuku: dhamira huku, migogoro kule, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi kwenye sahani moja, kisha wahusika, muundo, mtindo, matumizi ya lugha. Mwanafunzi aliyevijua vipande vyote alipata alama zake. Hakuna siku niliyomwuliza mtu alichekea wapi, alichokea wapi, au alitamani nani afe. Mtihani ulitaka "kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, jadili", na wajanja waligundua mapema kwamba notisi zinatosha, kitabu chenyewe si lazima. Miaka michache iliyopita nilikutana kwenye daladala na kijana niliyemfundisha, sasa ni mhasibu. Akanikumbusha kwa furaha jinsi alivyopata A ya Kiswahili. Nikamwuliza anasoma nini siku hizi. Akacheka: "Mwalimu, toka kidato cha sita sijafungua riwaya." Ile A ilikuwa kazi yangu. Na hilo la pili pia.

Ndiyo maana watu wazima wengi wakikaa kuzungumzia kitabu hurudi darasani bila kujijua. Hunyoosha mgongo, husema kitabu kina mafunzo mengi, hutaja dhamira mbili tatu. Sisemi wenzako wanadanganya. Inawezekana wamefurahi kweli. Lakini mpaka mtu akuambie amefurahia nini, hujui.

Kuna kisa cha mvinyo ninachokipenda, ingawa mimi mwenyewe sinywi. Kimo ndani ya Don Quixote, riwaya ya Mhispania Cervantes, na mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, alikichukua mwaka 1757 alipoandika insha yake kuhusu ladha. Jamaa wawili wa ukoo mmoja walipewa mvinyo wa pipa moja waonje. Wa kwanza akasema mzuri, ila kwa mbali una ladha ya ngozi. Wa pili akasema mzuri, ila una ladha ya chuma. Watu wakawacheka wote wawili. Pipa lilipokauka, chini yake ukakutwa ufunguo wenye ukanda wa ngozi.

Wengi hukitumia kisa hiki kuonyesha kwamba wapo waonjaji hodari, na sisi wengine tukae kimya. Mimi hunivutia jambo dogo zaidi. Hao wawili hawakukubaliana na bado wote walikuwa sahihi, kwa sababu kila mmoja alitaja kitu. Katika kikundi chenu, anayesema "kitabu kizuri sana" hajataja ngozi wala chuma. Wewe uliyeishia ukurasa wa 15 una habari kumzidi, ukiweza tu kueleza ukurasa huo ulikufanya nini.

Wala usidhani kutopenda kitabu kinachosifiwa ni dalili ya uchanga. Tolstoy, mwandishi wa Urusi ambaye wasomaji wengi humweka juu kabisa, alimsoma Shakespeare tena na tena, kwa Kirusi, kwa Kiingereza na kwa Kijerumani, na uzeeni akaandika kijitabu kizima kueleza jinsi anavyomchosha na kumchukiza. Mwandishi wa Uingereza, George Orwell, akamjibu mwaka 1947, Tolstoy akiwa kaburini zamani. Huku kwetu, Mwalimu Nyerere, na nchi nzima mabegani, alitafuta saa za kumtafsiri Shakespeare huyohuyo: Julius Caesar kwa Kiswahili ikatoka 1963, akairudia akaitoa upya 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo Mabepari wa Venisi. Sasa kati ya Tolstoy na Nyerere, nani hajui kusoma?

Tuje kwenye vitabu vyako. Kusadikika ni kitabu cha sikio. Shaaban Robert ni wa kwenu hukohuko, kazaliwa Vibambani mwaka 1909, na alikuwa mshairi hata alipoandika nathari. Sentensi zake hutembea mbilimbili, moja ikiinua, nyingine ikijibu, kama vipande vya ubeti. Watu wake hawana sura, wana tabia: mshtaki anaitwa Majivuno, mshtakiwa anaitwa Karama, na kesi yenyewe ni utetezi mrefu unaozaa visa vya wajumbe sita. Anayesoma kwa sikio hupata raha kubwa humo. Anayesoma ili ajue nini kinafuata hukuta kesi ambayo upande wa haki ameshaujua toka jina la kwanza. Jaribu jambo moja: soma kurasa mbili kwa sauti, polepole, ukiwa peke yako. Usiposikia kitu, basi, kirudishe kabatini na salamu zangu.

Nagona ni habari nyingine. Ni kitabu chembamba, na wembamba wake umewaponza wengi. Euphrase Kezilahabi alianza na riwaya ambazo mtu angeweza kumsimulia jirani yake. Mwaka 1990 akavunja ngazi. Hakuna kisa kinachoanzia hapa na kuishia pale, mahali hapajulikani, wakati haushikiki, watu huingia na kutoka kama ndotoni. Riwaya ya upelelezi hukuahidi: nipe uvumilivu wako, nitakulipa jibu. Nagona haikuahidi hivyo. Lakini wewe uliingia na macho ya upelelezi, ukaokota dalili kwenye kila aya, ukazibeba, na hapakuwa na wa kumkabidhi. Lazima uchoke. Ulipeleka jino kwa fundi wa mifupa. Mimi nilikisoma mara tatu. Mara ya kwanza sikuambulia kitu. Mara ya tatu niliacha kusaka maana nikafuata picha tu, nikakipenda. Ila niseme kweli: bila mshahara wa kufundisha, nisingefika mara ya tatu.

Nimesema "picha", na hapo pana tofauti nyingine ambayo chuoni hatukuambiwa. Fumba macho ufikirie embe dodo juu ya sahani ya bati. Unaliona? Lina rangi? Wapo wanaoliona mpaka utomvu kwenye kikonyo. Wapo wanaoona kivuli tu. Na wapo wachache wasioona chochote. Wanajua embe ni nini, lakini kichwani ni giza. Mwaka 2015 daktari wa mishipa ya fahamu wa Chuo Kikuu cha Exeter, Adam Zeman, pamoja na wenzake, waliipa hali hiyo jina: afantasia. Si ugonjwa. Mwaka 2021 watafiti wa Sydney waliwasomesha watu visa vya kutisha ndani ya chumba chenye giza huku wakipima jasho la ngozi, maana mtu akiingiwa na hofu ngozi hulowa kidogo bila yeye kujua. Waliokuwa na picha vichwani, jasho lilipanda kadiri kisa kilivyosonga. Wasiokuwa nazo, ngozi zao zilibaki vilevile. Walipoonyeshwa picha zenyewe za kutisha kwa macho, makundi yote mawili yalishtuka.

Sasa mchukue msomaji wa kundi la pili umpe kurasa tatu za machweo ya bahari. Hatasema "sioni". Hajui kwamba wengine wanaona. Atasema "kinaboa". Mimi embe langu halina rangi, na kila riwaya huwa naruka mandhari nifikie mazungumzo. Nilipogundua sababu nilikuwa na miaka 58, nikacheka peke yangu jikoni, kwa sababu nilikuwa nimewakata alama watoto wa watu kwa kuruka kurasa zilezile ninazoziruka mimi. Fanyeni jaribio la embe Jumapili ijayo. Ugomvi wenu nusu utapata maelezo.

Kuhusu ukurasa wa mwisho, mbona unaita kasoro? Bibi akisema "Paukwa", sisi "Pakawa", ni nani pale alikuwa hajui kwamba sungura atamzidi fisi ujanja? Tuliidai hadithi ileile, na akibadilisha neno tulimsahihisha. Wapo wanaosoma kwa raha ya kutokujua. Wapo ambao kutokujua huwakaba, hawaoni kitu mpaka wahakikishiwe nani atapona. Wakishajua, ndipo hutulia wakaangalia mambo yalifikaje huko. Muuguzi, ambaye kazini hakuna anayemwonyesha ukurasa wa mwisho wa mgonjwa, akiutaka kwenye kitabu mimi simlaumu. Mwaka 2011 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi, baadhi wakifichuliwa mwisho mapema, na waliofichuliwa wakazifurahia zaidi kidogo. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote na hiyo, kwa hiyo usiende kumchapa nayo shoga yako.

Lakini kwenye Peponi mbinu yako ilikusaliti. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka 1994. Ida Hadjivayanis akatuletea kwa Kiswahili 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa tuzo ya Nobel ya fasihi. Ukurasa wake wa mwisho haujibu kitu. Wewe umeshausoma, simharibii mtu: Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anaachwa katikati ya kitendo, na mlango unafungwa. Kwa hiyo uliingia kitabuni bila ule utulivu uliouzoea, ukakuta safari ndefu ya msafara inayokwenda kwa mwendo wa mpagazi. Rudi kwake siku nyingine, si zamu ya usiku, ukimwangalia Yusuf tu: mtoto ambaye kila mtu mzima anajua kilichompata isipokuwa yeye. Hiyo ndiyo siri ya kitabu kile, na iko ukurasa wa kwanza, si wa mwisho.

Sasa neno la shoga yako. Lina ukoo. Miaka ya sabini na themanini, Tanzania ilipofurika riwaya za upelelezi za akina Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, vitabu vilivyopita mkono kwa mkono mpaka majalada yakadondoka, wasomi walizitenga: hizi wakaziita riwaya pendwa, zile nyingine riwaya dhati. Nilitumia majina hayo kazini miaka yote bila kusikia kichekesho kilichomo. Kama hizi ndizo zinazopendwa, zile nyingine zina nini?

Si kwamba vitabu vyote ni sawa. Vibovu vipo, na vipo kila upande. Chukua upelelezi unaoupenda. Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla ulishinda shindano la uandishi la 1957/58 kabla haujachapwa 1960, na ukiusoma leo unaelewa kwa nini. Mpelelezi wake, Bwana Msa, hakimbizani na mtu. Anavuta kiko chake, anauliza, anasikiliza, na yote anayoyasikia yeye unayasikia na wewe. Halafu zipo riwaya za upelelezi ambazo mwuaji analetwa kurasa tatu kabla ya mwisho, mtu hujawahi kumwona, amevaa kofia. Hiyo ni mbovu kwa kipimo chake yenyewe, wala hatuhitaji kuilinganisha na Kezilahabi. Hivyo ndivyo ningependa uvipime vitabu vyako: kiliahidi nini, na kimelipa? Na ukiwa na kitabu kigumu mkononi, mwulize mwenye kukisifu swali hilohilo. Kuna vitabu vigumu vingi ambavyo ndani yake hamna ufunguo wala ukanda.

Kuhusu mapenzi nina deni la kulipa. Marehemu mke wangu alisoma riwaya za mapenzi kwa fujo, na wageni wakija mimi nilizisukuma chini ya kochi. Siku moja akanikuta nasoma Willy Gamba. Akasimama mlangoni na mwiko mkononi: "Wewe unasoma mtu anayepigana na watu tisa asitoke jasho. Mimi nasoma ndoa. Nani hapa anasoma mambo yasiyokuwepo?" Sikuwa na jibu. Sijalipata mpaka leo, na kochi lile bado ninalo.

Umeuliza kama ladha inafundishika. Kwamba hubadilika, hilo nina hakika nalo, lakini mwalimu wake mara nyingi si mtu wa fasihi. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971, ikapigwa marufuku shuleni, na baadaye ikarudi kuwa kitabu cha darasani. Mimi niliipata nikiwa na miaka 19, imefungwa kwa gazeti, na nilijua kurasa gani nazitafuta kama walivyojua wenzangu wote bwenini. Kilikuwa kitabu cha Rosa. Zakaria, baba yake, mlevi wa Namagondo kule Ukerewe, alikuwa kisiki tu njiani, umruke uendelee. Nilikifungua tena nikiwa na miaka 46, naandaa somo, nina mabinti wawili, mkubwa kidato cha pili. Nikafika pale mapema kabisa ambapo Zakaria anampiga Rosa kwa ajili ya barua ya Charles. Nikakifunga. Wiki ile nilikuwa nimepekua begi la binti yangu. Sikumpiga, lakini nilipekua, na maneno niliyomwambia sitayaandika hapa. Nilipoendelea, kilikuwa kitabu cha Zakaria toka mwanzo hadi mwisho, na sikuweza kuamini kwamba maneno yale yalikuwepo siku zote, hata nukta haikuongezwa. Ungeniuliza nikiwa na miaka 19 ningekuambia ni kitabu cha mambo ya wakubwa. Saa nyingine unayekosana naye si mwandishi, ni umri wako.

Kwa hiyo sikushauri upande madaraja, leo rahisi kesho kigumu, kama unatafuta cheti. Lakini hata kahawa chungu ya birika hakuna aliyeipenda utotoni. Tulisogelea kashata, kahawa ikatuzoesha yenyewe. Basi nikupe kashata. Tafuta Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ya 1999. Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, anaozwa kwa Raza, mtu wa makamo ya baba yake, anakimbia, na anakuja kumpenda Denge, kijana anayewindwa na makachero wa mkoloni chini ya Inspekta Wright. Mapenzi yamo, kufukuzana kumo, na huku unafukuzana utajikuta umesimama kusikiliza jinsi watu wa uswahilini wanavyosutana na kutaniana. Watu wengi wa bara hutishwa na maneno ya Kiunguja kurasa za mwanzo wakarudisha kitabu. Wewe wa Tanga hutapata shida hiyo, na neno likikukwama lipite, litajieleza mara ya tatu.

Kwa kikundi chenu nina mawili tu. La kwanza, ruhusuni kuacha. Mwalimu wa Kifaransa aitwaye Daniel Pennac aliandika mwaka 1992 orodha ya haki za msomaji, na zimo haki ya kuruka kurasa na haki ya kutomaliza. Mimi naongeza sharti dogo, kwamba anayeacha aje na namba ya ukurasa alipoachia na asome aya hiyo mbele ya wenzake. Mtashangaa mazungumzo yatakavyochangamka kuliko mkiwa wote mmemaliza na wote mmesifu. La pili, anayechagua kitabu asikichague kwa sababu kinafaa kupendwa, akichague kwa sababu yeye mwenyewe kilimnyima usingizi.

Ikifika zamu yako, wape Mzimu wa Watu wa Kale. Wasome theluthi mbili wasimame, na Jumapili hiyo kila mmoja aandike kwenye karatasi jina la mwuaji na dalili tatu alizoziona, akunje, aweke kwenye bakuli. Huyo shoga yako mpe karatasi ya kwanza, umwone atakavyorudi nyuma kupekua kurasa alizozipita haraka. Wewe hutabashiri, maana utakuwa umeshachungulia mwisho. Utakuwa hakimu, na bakuli likae mapajani mwako.